Mzee wa Kiwanja cha Katikati

Niseme mapema kwamba mimi mbuga za wanyama sizipendi. Nimezaliwa Taita, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa hifadhi, na ndovu wa kwetu wanajua msimu wa mahindi kuliko bwana shamba. Nyanya yangu alikuwa akiwafukuza kwa sufuria na matusi, na matusi yenyewe yalikuwa mazito kiasi kwamba sisi wajukuu tulizibwa masikio. Sasa Mungu alipoamua kunitafutia riziki Doha, akanisimamisha kwanza miaka mitatu kwenye ukumbi wa jengo refu kule West Bay nikiwafungulia watu mlango, kisha akanitupa wapi? Kwenye ofisi ya kuhifadhi jangwa. Siku nilipopewa habari nilicheka peke yangu ndani ya basi la kampuni, mpaka Mnepali niliyekaa naye akahama kiti.

Kazi yangu ilikuwa udereva. Bosi wangu, Mzungu mmoja mrefu na mpole, alikuwa daktari wa nyasi. Sitanii. Kasoma miaka na miaka, kapewa udaktari, na mgonjwa wake ni nyasi. Tukiwa njiani anapiga kelele, "Simama!" Nakanyaga breki nikidhani nimegonga mtu, kumbe kaona kijiti kikavu pembeni. Anashuka, anapiga magoti, anakipima kwa rula, anakiandika daftarini, anarudi garini kajaa mchanga mpaka kwenye nyusi na furaha imemzidi. Mimi mtu wa milimani, nimekulia kwenye migomba na miparachichi. Namwambia hongera, basi, tunaendelea na safari.

Mradi wenyewe ulikuwa hivi. Ofisi ilipewa kipande kikubwa cha jangwa magharibi ya mji ili izungushe uzio, iache mimea iote upya, halafu ilete choroa, wale swala weupe wenye pembe ndefu zilizonyooka. Shida ni kwamba ndani ya eneo hilo kulikuwa na viwanja vya watu, vina hati zake, na juu ya kila kiwanja kulikuwa na izba. Izba ni kambi ya mifugo ya jangwani: zizi, tangi la maji, kibanda cha mchungaji, na chumba cha wageni chenye mazulia na mito, ambacho wenyewe wanakiita majlis. Wenye viwanja walikuwa wanakubali mmoja mmoja. Huyu analipwa, yule anapewa kiwanja kingine nje ya mpaka, mambo yanakwisha kwa heri. Akabaki mzee mmoja, na kiwanja chake kiko katikati kabisa. Maadamu yuko pale, uzio haufungwi, maana lazima apite. Na ngamia wake na mbuzi wake wasio na idadi walikuwa wakitoka kila asubuhi kwenda kula kile kile ambacho bosi wangu alikuwa anapiga magoti kukipima.

Tuliambiwa hivi: mwisho ni Machi. Kiwanja kikipatikana kwa hiari ya mwenyewe, hifadhi inafunguliwa, na mimi napata mkataba wa miaka miwili pale pale getini. Kisipopatikana, mradi unawekwa kabatini, bosi anarudi kwao Ulaya na rula yake, na mimi narudi West Bay kufungua mlango. Nami nilikuwa nimeapa kwamba mlango ule siurudii. Miaka mitatu nimesimama pale, watu wananipita asubuhi na jioni, na siku moja mama mmoja akanining'inizia koti lake begani akidhani sijui mimi ni kitu gani. Nilimrudishia kwa adabu. Lakini sikusahau, na wala sitasahau.

Kijana mmoja wa ofisini, mwenyeji wa hapo hapo, alikuwa ameshakwenda mara mbili kwa yule mzee. Mara zote mbili alirudi na tende na maziwa ya ngamia, akasema yule ni rafiki wa baba yake, yeye kumbana mtu kama huyo anaona haya. Kazi ikamwangukia bosi, ambaye hajui Kiarabu. Nami nikapandishwa cheo hapo hapo nikawa mkalimani, kwa sababu nilikuwa na kile Kiarabu changu cha mlangoni: karibu, subiri, kitambulisho, lifti imeharibika, panda ghorofa ya saba. Niliwaambia wazi kwamba kwa maneno hayo sidhani kama mtu anaweza kununua ardhi. Wakasema inatosha.

Alhamisi ya kwanza tulifika saa nne asubuhi. Mzee alikuwa mwembamba, ndevu nyeupe, macho yanacheka kabla ya mdomo. Alikuwa na fimbo aliyoitumia kumwelekezea mchungaji wake, Msudani mmoja mtu mzima ambaye pia ndiye aliyepika na kumimina kahawa. Mzee alinisalimia mimi kwa muda mrefu kuliko alivyomsalimia bosi. Hali yangu, hali ya baba, hali ya mama, hali ya nyumba, watoto, mvua, mifugo. Nikamwambia sina mifugo. Akanishika mkono akanipa pole, akaniombea dua.

Tukaketi. Msudani akaja, birika mkono wa kushoto, vifinjani mkono wa kulia, akamimina ile kahawa yao ya rangi ya majani makavu, chungu, ina iliki. Unamiminiwa kidogo tu, unakunywa, na ukitosheka unatikisa finjani. Usipotikisa, unaongezwa. Hilo nililijua tangu West Bay. Bosi hakulijua, nami sikumwambia, kwa sababu asubuhi ile alikuwa ameniacha juani nimemshikia kipimo saa nzima kwa ajili ya kichaka kisichozidi kimo cha kuku, na hata pole hakunipa. Basi nikamwacha. Akanywa cha kwanza, cha pili, cha tano, anaona haya kukataa, anasema shukran, anaongezwa. Nilihesabu kumi na nne, kisha nikaogopa nikamshika mkono nikautikisa mwenyewe. Njia nzima ya kurudi alizungumza bila kupumua, na kesho yake, siku ya mapumziko, akawa ameniandikia jumbe saba kuhusu mizizi.

Na ukalimani ukawa ni vituko. Bosi anaeleza robo saa nzima, jinsi udongo wa jangwa ulivyo na ngozi yake, jinsi mbegu zinavyolala miaka zikingoja mvua, jinsi mfugo mmoja unavyoweza kumaliza kazi ya miaka kumi. Anatulia, ananitazama. Mimi namgeukia mzee nasema, "Anasema majani mazuri." Mzee naye anashika zamu, anaeleza habari za babu yake, za kiangazi cha zamani, za ngamia mmoja aliyepotea akarudi mwenyewe na mtoto. Namgeukia bosi, nasema, "Anasema hapana." Lakini kusema kweli mzee hakuwa akisema hapana. Kila mara alimaliza kwa neno lile lile: "Inshallah. Njooni Alhamisi."

Tukawa tunakwenda kila Alhamisi, msimu wote wa baridi. Na kila Alhamisi mzee alikuwa na neno jipya. Mara nguzo ya mpaka imewekwa kombo. Tukairekebisha. Mara maandishi ya kwenye ramani ni madogo, macho yake hayaoni. Tukaichapa kubwa, ikawa ukubwa wa shuka. Mara kiwanja chake kimepakwa rangi ya njano, na yeye njano haipendi. Bosi, mtu mzima na udaktari wake, akarudi ofisini kutafuta rangi ya kumfurahisha mzee. Alhamisi iliyofuata tukaja na kijani. Mzee akaitazama sana, akasema kijani ni nzuri, lakini kijani gani, maana ziko nyingi. Mimi damu ikanichemka. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, nikijua hakuna atakayeelewa, "Mzee, wewe unatuchezea shere." Akacheka vizuri sana, akaagiza chakula.

Chakula ndicho kilichonizuia nisitukane. Sinia la wali na nyama ya mbuzi, nyama imelegea yenyewe, na mzee anakuchagulia mapande mazuri anakusogezea. Mimi naishi Abu Hamour, watu watano chumba kimoja, kila mmoja anapika kwa zamu na wawili kati yetu hawajui kupika. Nilikuwa nikifika Alhamisi tumbo limejiandaa.

Mara moja bosi aliona atumie akili. Akabeba miche thelathini ya miti ya jangwani, migunga na mikunazi, aliyoiotesha mwenyewe kwa mkono, akaipanga nyuma ya gari. Alitaka kumwonyesha mzee jinsi mahali pale patakavyopendeza. Tukaingia kwenye majlis kunywa kahawa kwanza, maana huwezi kuanza na shughuli. Tulipotoka, ngamia watatu walikuwa wamezunguka gari wakitafuna taratibu, wametulia kabisa, na kilichobaki ni vikopo. Mmoja alikuwa na kikopo mdomoni. Mzee akapiga mapaja kwa mikono miwili. "Mwambie rafiki yako ngamia wangu wameipenda miti yake," akaniambia. Hilo nililitafsiri neno kwa neno. Bosi aliokota vikopo kimoja kimoja, kisha akasema angalau sasa ana ushahidi.

Kufikia Machi tumbo langu lilikuwa halifai. Linawaka asubuhi, linawaka mchana. Nikaenda zahanati, nikamkuta nesi mmoja dada wa Kikenya ninayemwona kanisani siku za Ijumaa, kwa sababu huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Daktari akapima, akasema vidonda vya tumbo. Dada akanisindikiza mpaka mlangoni akinitolea macho. "Kaka, kahawa ukome. Hata tone. Na hizo hasira zako pia upunguze." Nikamwambia kahawa nitaacha.

Basi ikafika Alhamisi ya mwisho. Jumapili yake kamati ya mradi ingekaa kuamua. Asubuhi ile bosi alivaa tai. Sikuwahi kumwona na tai, na jangwani tai inapigwa na upepo inamfunika mtu uso. Njia nzima hakusema simama hata mara moja. Tulivipita vijiti vyote vile avipendavyo, hakugeuza shingo, nami kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma. Nikapunguza mwendo kwenye kichaka kimoja alichokuwa akikipenda sana. Akasema, "Twende tu." Tukaenda.

Mzee alitupokea vile vile, hali ya baba, hali ya mama, hali ya mifugo niliyokuwa sina. Tukaketi. Msudani akamimina. Kukataa kabisa nikaona si adabu, basi nikaipokea finjani kwa mkono wa kulia, nikasema Mungu akujalie, nikaiweka chini kwenye zulia kando ya goti langu, imejaa. Mzee alikuwa katikati ya habari za ngamia mwenye mimba. Akakatiza. Msudani naye akasimama pale pale alipo, birika limeinama lakini hamimini. Mzee akaitazama finjani. Akanitazama mimi. Akajiweka sawa, akavuta kilemba chake kikakaa vizuri, akaweka fimbo magotini.

"Sema haja yako," akasema.

Nikadhani nimemwaga. Nikaangalia zulia, zulia kavu. "Hakuna kitu, mzee."

"Finjani iko chini."

"Naiona, mzee."

"Hujaigusa."

"Ndiyo, ni hili tumbo langu..."

Msudani akainama karibu na sikio langu, akanieleza polepole kwa Kiarabu chepesi, vile unavyomweleza mtoto asishike moto. Mgeni akipokea kahawa akaiweka chini bila kuinywa, maana yake amekuja na haja nzito. Mwenyeji hataongea jambo lingine mpaka haja itajwe. Na ikitajwa, anatoa. Asipotoa, kesho maneno yatakuwa yamefika kabla yake kwenye kila zulia atakaloketi, kwamba mgeni aliomba nyumbani kwa fulani akarudi na kahawa yake haijanyweka. Yule kijana wa ofisini, nilikuja kujua baadaye, desturi hiyo aliijua tangu utoto, lakini finjani huwekwa chini kwa haja ya mtu mwenyewe, na yeye aliona aibu kuitumia kwa shughuli ya ofisi. Mimi sikuiona aibu kwa sababu sikuijua.

Yesu wangu!

Bosi akanigusa kwa kiwiko. "Kuna nini?" Nikamweleza kwa kunong'ona. Shingo yote ikamwiva ikawa nyekundu mpaka masikioni. "Mwombe kiwanja," akasema. Kisha akasema, "Hapana, ngoja, hiyo si haki." Kisha akalegeza tai. "Ni haki? Si desturi yao wenyewe? Mwombe. Hapana. Wewe unaonaje?" Jamani! Miezi mitano ananiambia geuza, simama, shika kipimo, leo ndiyo ananiuliza naonaje.

Nikajaribu kurudi nyuma. "Mzee, nisamehe. Nina vidonda vya tumbo, daktari amenikataza kahawa. Sikuwa na maana yoyote."

"Mungu akuponye," akasema mzee. "Huo ni ugonjwa. Mimi nakuuliza haja."

Alikuwa hachezi tena. Nikaona ameishika ile fimbo kwa mikono miwili, na macho ameyapeleka mlangoni, kwenye zizi, kwa mbuzi wake. Alijua mimi ni dereva wa nani. Alijua nitaomba nini. Mzee wa watu alikuwa anaogopa, nami ndiye niliyemtia hofu, ndani ya nyumba yake, baada ya kula nyama yake miezi mitano. Na upande wa pili nauona ule mlango wa West Bay, na yule mama na koti lake. Neno moja tu lilikuwa linanitenga na mkataba. Nilikuwa nalijua kwa Kiarabu, tena kwa ufasaha, kwa sababu mzee alikuwa amelitamka kila wiki: ardhi.

Sijui kwa nini nilimkumbuka nyanya. Watu wa hifadhi walipokuja kwake na karatasi za mpaka, walimweleza vizuri sana kuhusu uzio na umuhimu wa ndovu, wakamwomba dole gumba, wakaondoka. Wiki nzima baadaye nyanya alikuwa akiwahutubia kuku. Alikuwa na mengi ya kusema, sema tu hakuna aliyemuuliza.

"Haja yangu, mzee," nikasema, "ni uniambie ukweli. Kiwanja hiki unakitakia nini?"

Mzee akanikodolea macho. "Hiyo ndiyo haja?"

"Ndiyo."

"Umeweka finjani chini kwa ajili ya swali?"

"Ndiyo, mzee."

"Wewe una wazimu. Ungeomba ngamia ningekupa ngamia!"

Nakiri roho iliniuma. Ingawa ngamia Abu Hamour, ghorofa ya tatu, na sisi watano tayari hatutoshi, sijui ningemlaza wapi.

Aliweka fimbo kando. Kisha akaanza kusema, na kwa mara ya kwanza alisema taratibu, kwa maneno mepesi niliyoyajua yote, ili asinipite. Mkewe alifariki miaka kadhaa nyuma. Watoto wamemjengea nyumba mjini, nzuri, chumba chake kina lifti yake. Asubuhi watoto wanakwenda kazini, jioni wanarudi na simu zao, wanambusu kipaji cha uso, wanapanda juu. Kwa hiyo akawa anakuja huku. Zamani huku alikuwa na majirani pande zote, jioni hakosi mtu wa kugombana naye. "Mmewahamisha wote," akasema, wala hakusema kwa uchungu. Baridi ya mwaka uliotangulia hakupata mgeni hata mmoja. Kahawa inachemshwa kila asubuhi, inakaa, inamwagwa mchangani. Kisha tukaja sisi na ramani zetu.

"Nikaona mmerudi tena," akasema. "Nikafikiri, nikiwaambia ndiyo, mtakwenda zenu. Nikiwaambia hapana, mtakwenda zenu. Ndiyo nikawa nawaambia njooni Alhamisi."

Nikamgeukia bosi nikamtafsiria yote, neno kwa neno, sikupunguza hata moja. Bosi akavua miwani akaifuta kwa tai.

"Na ile rangi ya njano?" nikamuuliza mzee.

Akatazama pembeni. "Rangi ya njano haikuwa na shida yoyote."

Hapo hasira zangu, zile nilizoambiwa nizipunguze, zikanipanda zote kwa pamoja. "Mzee! Si ungesema? Nimekunywa kahawa yako mpaka tumbo limetoboka! Huyu mtu wa watu kakesha anatafuta kijani! Sasa sikiliza nikwambie, na mimi nakuambia ukweli. Leo ndiyo Alhamisi ya mwisho. Ukikataa, Jumapili mradi unafungwa, yeye anarudi kwao, mimi narudi mjini kufungua milango, na hapa haji mtu tena. Umetuvuta weee, mpaka kamba imekwisha."

Msudani akafumba macho. Mzee akanitazama, nikajua nimeharibu. Kisha akauliza, taratibu, "Na nikikubali?"

"Ukikubali, hifadhi inafunguliwa. Mimi nawekwa getini."

"Geti lipi?"

"Hapo barabarani. Miaka miwili."

"Kila siku?"

"Ijumaa naenda kanisani."

"Ijumaa hata mimi nina pa kwenda." Akahesabu kitu kwa vidole, sijui nini. "Kwa hiyo nikikataa kutoa kiwanja mnaondoka, na nikikitoa unabaki."

"Ndiyo hivyo, mzee."

Akatukana tusi moja la zamani ambalo hata Msudani hakutaka kunitafsiria. Kisha akacheka mpaka akakohoa, akanyoosha mkono akasema, "Kalamu."

Bosi akaanza kusema mzee asubiri, asome kwanza, ashauriane na wanawe, maana ni mtu mwadilifu mno, anaweza kuharibu jambo lake mwenyewe. Mzee akamwambia ameyasikia hayo maelezo ya majani baridi nzima na anaweza kumfundisha mwenyewe. Akaweka saini kwenye ramani kubwa, kwenye ile rangi ya kijani. Finjani yangu akaichukua kutoka zuliani akampa bosi, na bosi akainywa, akaongezwa, akaongezwa, maana mpaka leo kutikisa hajakumbuka.

Mbuzi na ngamia walihamishiwa kiwanja kingine nje ya mpaka, pamoja na Msudani. Tingatinga likaja likabomoa zizi na kile chumba cha mazulia, mchanga ukasawazishwa, na bosi akapanda vibendera vyekundu kila mahali alipotarajia kitu kiote. Alifurahi sana kugundua kwamba palipokuwa na zizi pana samadi. Nami nikapewa kibanda getini, kina kiyoyozi na dirisha, na daftari la wageni lenye safu nne: jina, gari, saa, sababu ya kuja. Sheria ni kali. Hapiti mtu bila kuandikwa, na sababu zinazokubalika zimechapwa juu ya ukurasa.

Alhamisi ya kwanza, saa nne, gari jeupe likasimama. Nyuma kulikuwa na mzee, amevaa vizuri, anaendeshwa na dereva wa nyumbani. Nikainuka na daftari langu. Alikuwa anaingia hapa tangu kabla mimi sijazaliwa, na sasa mimi ndiye wa kumuuliza anakwenda wapi. Niliona aibu kubwa, nikataka kufungua geti tu apite, potelea mbali kazi. Akateremsha kioo. "Hali ya baba? Hali ya mama? Haya, fanya kazi yako."

Nikaandika jina. Nikaandika gari. Nikaandika saa. "Sababu ya kuja, mzee?"

Akatazama ng'ambo ya uzio, kule mahali pake, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa vibendera. Alitazama sana. "Mmeandika sababu gani hapo?"

Nikamsomea. Utafiti. Ukaguzi. Matengenezo. Ziara ya shule.

"Hakuna yangu," akasema. "Andika nimekuja kumwamkia mtu."

"Mtu gani, mzee? Huko ndani hakuna mtu. Hata choroa hawajaletwa."

Akanikasirikia kikweli, akagonga mlango wa gari kwa fimbo. "Wewe, mjinga! Wewe!"

Nikaandika hivyo hivyo, pembeni, kwa sababu safu haikutosha. Hakutaka kuingia hifadhini. Alishuka, dereva akamshika mkono, akaingia kwenye kibanda akaangalia huku na huku. Ofisi ilinipa kiti kimoja tu. Nikampa yeye, mimi nikageuza ndoo nikaikalia, tukakaa mpaka adhuhuri.